Nimweleze, nimfiche au nimwue?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Uingereza. Naandika tamthilia ya kisayansi ya vipindi 6: chombo cha anga chenye watu 14 kinakwenda Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, mwaka 2190. Fundi mkuu wa mitambo ni mwanamke, na mpenzi wake ni daktari wa chombo, mwanamke pia. Wote wawili ni Waswahili. Wenzangu wawili wamesoma mswada. Wa kwanza kasema ama nieleze kwa nini huyu fundi yuko hivyo, ama nilifiche jambo lenyewe, maana hadithi haihusu hayo. Wa pili kasema nisithubutu kumwua, nami namwua kipindi cha 4. Halafu sijui wakiwa wawili waitane nani kwa Kiswahili. Nimeambatanisha kurasa 15 na muhtasari wa vipindi vyote. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, dada. Kurasa zako nimezisoma mara mbili, ya kwanza kama mtazamaji, ya pili na kalamu nyekundu mkononi. Nitangulize sifa ili nikianza kukosoa usinune: kile chumba cha mitambo kinaaminika. Umeme unakatika, fundi anapiga bomba kwa kiganja na kusikiliza mlio kabla ya kugusa kifaa chochote. Aliyewahi kushinda gereji za Chumbageni kule Tanga atamtambua hapohapo. Kasoro iko ukurasa wa 11.

Nahodha mpya anaingia, na fundi, jasho halijamkauka, anamwambia: "Ni vizuri ujue mapema, mimi na daktari ni wapenzi. Natumaini haitakuletea shida." Nahodha anajibu kwamba kwenye chombo chake kila mtu anaheshimiwa. Nikajiuliza, hawa wanazungumza na nani? Dunia uliyoijenga kurasa 10 za mwanzo haina mtu anayelijali jambo hilo. Mpishi anawatania wote wawili, kijana wa mawasiliano anawagongea mlango mmoja. Fundi hana sababu ya kujitangaza, kama ambavyo mwanamke mwingine yeyote humo chomboni hawezi kumwendea nahodha na kumwambia, "Ujue mapema, mume wangu ni mwanamume." Ukweli ni kwamba fundi wako anazungumza na yule rafiki yako wa kwanza. Ulimwona akikunja uso hata kabla hajausoma mswada, ukamwandikia jibu na kulitia kinywani mwa fundi.

Rafiki huyo usimchukie, ila usimtii. Mbona hakukuuliza kwa nini nahodha anamkumbuka mkewe aliyemwacha Mombasa? Hilo kwake halikuhitaji maelezo. Kazi ya tamthilia ya kisayansi, tangu ianze kuwa na akili, ni kuchagua upya mambo yasiyohitaji maelezo.

Na kazi hiyo ilianza na neno letu. Mwaka 1966 Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, ilipoanza kurushwa Marekani, kwenye kiti cha mawasiliano aliketi Nichelle Nichols kama Luteni Uhura, jina lililochongwa kutoka "uhuru". Katika kipindi kimoja cha mwaka huohuo, kiumbe chenye kujigeuza sura kinamtokea kama mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Kiswahili cha kuokoteza, lakini Kiswahili. Wenzake kazini hawamtaki aeleze mwanamke Mwafrika kafikaje pale. Ana kifaa sikioni, anapokea na kutuma ujumbe. Mmarekani wa wakati ule aliyekuwa akiona weusi wakipigwa virungu kwenye taarifa ya habari hakuhitaji hotuba, kile kiti kilikuwa kimekwisha kusema.

Sasa tazama maajabu. Mfululizo huohuo uliomkalisha Uhura bila maelezo ulichukua miaka 51 hadi kumwonyesha mtazamaji wa televisheni wanaume wawili wapenzi kama wahusika wa kudumu. Hawakuwa wamekosa wazo. Mwaka 1987, Star Trek: The Next Generation ilipokuwa ikiandaliwa, mwandishi David Gerrold alileta mswada uitwao Blood and Fire. Ulikuwa na ugonjwa unaoogopwa kama UKIMWI ulivyoogopwa miaka ile, na wanaume wawili wa chomboni ambao, kwa sentensi chache tu, unaelewa kwamba wako pamoja. Hakuna busu wala hotuba. Mswada ukajadiliwa, ukaandikwa upya bila uhusiano wa wanaume wale, na hata hivyo haukurekodiwa. Gerrold akaondoka. Ona kilichowashinda: viumbe wa kila rangi na kila umbo waliwaonyesha, lakini sentensi chache za watu wawili wazima zikawa nzito.

Waandishi waliobaki wakakimbilia fumbo. Hapo nina neno, kwa sababu sisi watu wa kanga na taarabu hatufundishwi fumbo na mtu. Kanga nzuri inasomeka hata kwa asiyejua imemlenga jirani gani. Maneno yake yana maana yake yenyewe, halafu mlengwa anachomwa peke yake. Kanga mbaya ni ile ambayo bila kumjua mlengwa haina maana yoyote, na ukimjua unaona aliyeivaa hakuwa na ujasiri. Kipimo hicho nakitumia kwa kila fumbo la televisheni.

Chukua The Outcast, kipindi cha The Next Generation cha mwaka 1992. Jamii ya J'naii haina wanaume wala wanawake, na anayejihisi kuwa mmojawapo huhesabiwa mgonjwa, hutibiwa kwa nguvu. Soren anajihisi mwanamke, anampenda Riker, afisa wa chombo cha anga, anakamatwa, anajitetea mbele ya wakubwa wake kwa maneno makali kweli, kisha anatibiwa. Riker anapomfuata, anaambiwa kwa upole kwamba sasa amepona. Mwisho huo bado unanikereketa kooni. Lakini J'naii wote waliigizwa na wanawake. Kwa hiyo mtazamaji aliyekaa sebuleni aliona nini? Mwanamume mwenye ndevu akimbusu mwanamke, jambo aliloliona jana na juzi. Jonathan Frakes, aliyemwigiza Riker, alisema baadaye kwamba Soren ilifaa aigizwe na mwanamume. Mswada ulikuwa na ujasiri kuliko waliochagua waigizaji.

Ndani ya kipindi hichohicho kuna kitu kilichonichekesha. Riker anahangaika amwite Soren kwa kiwakilishi gani, maana Kiingereza kinamlazimisha kuchagua mume au mke. Soren anamweleza kwamba kwao kuna kiwakilishi kisichobagua, ila ni vigumu kukitafsiri. Jamani! Sisi tunacho, mtoto wa chekechea anakitumia: yeye. Wenyewe walilazimika kusafiri hadi sayari nyingine kukipata. Mwaka 2020, katika msimu wa tatu wa Star Trek: Discovery, kijana Adira anamwomba mtaalamu Stamets aache kumwita kwa kiwakilishi cha kike, atumie kile cha wingi. Ni onyesho zuri, la sauti ya chini. Jaribu kulitafsiri kwa Kiswahili uone linavyoyeyuka mdomoni. Mfasiri itabidi atafute kitu kingine cha Adira kuomba, labda asiitwe "binti" au "dada". Nakukumbusha hili kwa sababu unaandika Kiswahili: lugha yako inakupa bure kitu ambacho wenzako wanakigharamia. Fundi anaweza kuzungumza kurasa 3 kuhusu "mwenzangu", alivyokasirika asubuhi, alivyoficha sukari, na msikilizaji asijue ni mwanamume au mwanamke hadi mlango ufunguke na daktari aingie. Usiutumie kama mchezo wa kumshtua mtazamaji. Utumie kwa sababu ndivyo watu wanavyosema.

Nirudi kwenye fumbo, maana lipo lililofaulu. Oktoba 1995, Star Trek: Deep Space Nine ilirusha Rejoined, ikiongozwa na Avery Brooks, nahodha mwenyewe wa tamthilia ile. Jadzia Dax ni wa jamii ya Trill: ndani ya mwili wake anaishi kiumbe kingine chenye umri mrefu, kinachohama kutoka mwenyeji mmoja hadi mwingine na kubeba kumbukumbu zote. Anakuja mgeni, Lenara Kahn, na katika maisha yaliyotangulia viumbe vyao viliwahi kuoana vikiwa ndani ya wenyeji wengine, mume na mke. Sheria ya Trill inakataza kabisa kurudia mapenzi ya maisha ya nyuma. Anayevunja anafukuzwa, na mwenyeji akifa huko ugenini, kiumbe kinakufa naye. Wale wawili wanamchukua Daktari Bashir awe mtu wa tatu mezani ili wasisengenywe, maskini anakaa pale akiwasikiliza wakicheka mambo ya miaka mingi kabla hajazaliwa. Baadaye wanabusiana. Kituo kizima cha anga hakuna anayesema kwamba wote ni wanawake. Wanachoogopa ni mwiko wa Trill, na mwiko huo una mantiki yake, adhabu yake, hasara yake. Asiyejua kanga imemlenga nani ameelewa hadithi. Anayejua amechomwa.

Kwa hiyo ukitaka fumbo, lipe miguu yake. Ila sidhani unalitaka. Umeshawaweka wanawake wawili wazi, hakuna cha kufumba. Na ile shauri ya rafiki yako ya kulificha jambo, matokeo yake niliyaona kwenye tamthilia ya anga Babylon 5 mwaka huohuo 1995. Kamanda Ivanova anamkaribisha Talia alale kwake. Usiku Talia anageuka kitandani, anapapasa upande wa pili, mkono unakuta shuka tupu. Basi. Talia anaondoka kwenye tamthilia katika kipindi hichohicho, na mtazamaji akasubiri hadi mwaka uliofuata kumsikia Ivanova akikiri, kwa sentensi moja, kwamba anadhani alimpenda. Mkono ule juu ya shuka ni kazi ya ufundi mkubwa, naukumbuka kuliko vita vyote vya tamthilia ile. Lakini ni ufundi wa mtu aliyepewa dirisha dogo na kupenyeza alichoweza. Wewe dirisha lako kubwa, usijibane kwa hiari.

Sasa nikuonyeshe mswaki.

Oktoba 2017, kipindi cha 5 cha msimu wa kwanza wa Discovery. Kabla ya hapo tumeshawaona Stamets, mtaalamu wa kuvu, mkali kama pilipili kichaa, na Culber, daktari mpole. Siku hiyo Stamets amejidunga kitu cha hatari ili chombo kisonge, nusura afe. Mwisho wa kipindi wako chumbani, wamevaa nguo za kulalia, wamesimama mbele ya kioo cha bafuni wanapiga mswaki. Wanasemezana kwa sauti ya watu waliochoka, daktari bado amekasirika kwamba mwenzake alihatarisha maisha bila kumwambia. Hilo ndilo tangazo lote. Huwezi kumpigia mtu mswaki mbele ya macho na kumgombeza kwa namna ile kama hamlali chumba kimoja. Anthony Rapp na Wilson Cruz, ambao nao, kila mmoja kwa upande wake, hupenda wanaume na wamelisema hilo hadharani miaka mingi, wanaicheza kama watu wanaowaza saa ya kuamka. Halafu, kwa kuwa hii ni sayansi ya kubuni, Stamets anaondoka mbele ya kioo na taswira yake inabaki palepale ikitazama. Ona ujanja: ukistaajabu, unastaajabia kioo. Wanaume wawili tayari umeshawazoea.

Kila mhusika wa aina hii namtafutia mswaki wake, kile kitendo kidogo kinachofanyika kama jambo la kawaida, bila kutangazwa. Kapteni Jack Harkness wa Doctor Who mwaka 2005 alikuwa nao: anakwenda kupigana vita anavyojua vitamwua, anambusu Rose, anambusu Doctor, busu lilelile, dakika ileile, anaondoka. Kipindi cha familia, jioni ya Jumamosi, na kamera haikusita. Mchungaji Anna wa The Expanse anao pia: yuko mbali na mkewe na mtoto wao, anawatumia ujumbe wa video kama mzazi yeyote aliye safarini, kisha anarudi kubishana na watu kuhusu Mungu na kifo. Ni mchungaji kwanza. Uchungaji wake ndio unaoendesha hadithi.

Sense8 ilifanya kitu cha tofauti ambacho nakipenda kwa nusu. Watu 8 wa nchi mbalimbali wanashirikiana fikra na hisia, kwa hiyo Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi, anajikuta ndani ya maisha ya Nomi wa San Francisco, mwanamke aliyebadili jinsia, na ya Lito, mwigizaji wa Mexico anayemficha mpenzi wake wa kiume. Kule kuhisi cha mwenzako ndiko kunakoendesha hadithi, na Nomi aliigizwa na Jamie Clayton ambaye naye ni mwanamke aliyebadili jinsia. Nusu nisiyoipenda ni kwamba Nairobi ile karibu yote inazungumza Kiingereza kilichonyooka. Makanga wa matatu bila Sheng ni wa sayari gani?

Basi ukurasa wa 11 ufute. Fundi aendelee na bomba lake, nahodha amsalimie na kuuliza mtambo utawaka lini. Daktari ashuke na bakuli, alisukume juu ya sanduku la vyuma.

"Umekula?"

"Nitakula."

"Ndivyo ulivyosema jana."

Fundi hana mikono, yote imejaa grisi. Daktari anamlisha tonge moja akiwa ameangalia pembeni, anamfuta kidevu kwa kona ya koti lake jeupe, anakunja uso kwa lile doa, anaondoka. Nahodha ameona, ameelewa, anauliza tena mtambo utawaka lini. Mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa "umekula" ina uzito gani. Wa Birmingham ataliona doa kwenye koti, na ukilirudisha doa hilo kipindi cha 3, koti likiwa limetundikwa, litasema lenyewe.

Kuhusu waitane nani, nitasema kama mtu wa pwani. Neno "shoga" kwetu wanawake huitana marafiki, "shoga yangu njoo tusukane," halafu mtaani limegeuzwa tusi kwa wanaume. "Msagaji" limezoeleka kutamkwa kwa kubetua mdomo. "Wapenzi wa jinsia moja" ni lugha ya taarifa ya habari, naitumia hapa kwa kuwa naandika makala, lakini hakuna anayeamka asubuhi akamwita mtu hivyo kitandani. Mwaka 2190 unaweza kuamua kwamba mojawapo ya maneno hayo limeshasafishwa, na daktari akamwita fundi "shoga" kwa utani wenye ncha mbili. Hilo lingenichekesha. Vinginevyo "mwenzangu" linatosha, na majina yao.

Sasa kifo, ambacho ndicho kilichonifanya nikujibu kwa urefu huu.

Rafiki yako wa pili ana historia nyuma yake. Kanuni zilizobana filamu za Hollywood kuanzia 1934 hadi 1968 hazikuruhusu mapenzi ya aina hii yaonyeshwe, na aliyepenyeza mhusika kwa kificho mara nyingi alimwua, awe mwovu au mwenye kujutia. Kanuni zilipokwisha, mazoea yalibaki, na katika televisheni yakawa karibu kanuni mpya. Tarehe 3 Machi 2016 yalilipuka. Katika tamthilia ya The 100, Lexa, kamanda wa koo zote, hatimaye analala na Clarke, mwanamke aliyempenda kwa muda mrefu. Dakika chache baadaye mshauri wake anamfyatulia Clarke risasi, inamkosa, inampata Lexa. Shujaa wa vita anakufa kwa risasi isiyo yake, nywele bado hazijakaa sawa. Mwigizaji Alycia Debnam-Carey alikuwa na kazi kwenye tamthilia nyingine, kwa hiyo kumwondoa kulikuwa lazima, lakini namna na saa vilichaguliwa na mwandishi. Mashabiki, wengi wao wasichana wadogo, walichanga zaidi ya dola 100,000 kwa shirika la The Trevor Project linalowasaidia vijana wanaotaka kujiua. Mtayarishaji Jason Rothenberg aliandika barua ya kuomba radhi. Mwaka uliofuata mashabiki hao wakakutana Las Vegas kwenye mkutano wao wenyewe.

Ungedhani risasi zilizopotea zilikwisha hapo. Mwaka 2025, msimu wa pili wa Andor, wanawake wawili wapenzi, Cinta na Vel, wamepatana baada ya kutengana, na Cinta anapigwa risasi kwa bahati mbaya na kijana wa upande wao aliyeambiwa asibebe silaha. Andor naiheshimu, ni tamthilia ya vita iliyoandikwa kwa akili, na maneno ambayo Vel anamwambia yule kijana ni mazito. Hata hivyo niliguna. Miaka 9, na risasi ileile.

Je, wasife basi? La. Kuna The Last of Us, kipindi cha tatu, Januari 2023. Mchezo wa kompyuta wa mwaka 2013 ulituonyesha Frank akiwa maiti tu, na Bill mzee mwenye kinyongo. Craig Mazin akaiandika upya. Dunia imekwisha kwa kuvu, Bill anaishi peke yake katika mji wenye uzio wa umeme, Frank anatumbukia kwenye shimo lake la mtego na kuomba chakula. Wanaishi pamoja miaka na miaka. Nataka utazame bustani. Frank anamkimbiza Bill uani bila kumwambia kuna nini. Amebadilishana moja ya bunduki za Bill kwa pakiti ya mbegu, na sasa kuna stroberi, chache, nyekundu. Bill, mtu wa mabomu na mashaka, anauma moja na sauti inamtoka kama ya mtoto, kicheko ambacho hata yeye hakukijua. Anaomba radhi kwa kuzeeka haraka kuliko mwenzake. Nick Offerman alipewa tuzo ya Emmy kwa kazi ile. Mwisho Frank ni mgonjwa, anachagua siku yake, wanavishana pete, wanakula, na Bill ametia dawa ileile kwenye divai yake bila kumwuliza. Wamekufa wote wawili, na nimekutana na watu wengi walioilia, sijakutana na aliyedai ameibiwa. Kifo kile walikichagua wenyewe, wakiwa wazee, na kabla yake tulionyeshwa stroberi.

Hata San Junipero ya Black Mirror, iliyorekodiwa kwa sehemu Cape Town na kutoka mwaka 2016, imejengwa juu ya vitanda viwili vya wagonjwa, ajuza wawili wanaokufa. Charlie Brooker aliwaza kwanza mwanamume na mwanamke, kisha akabadili, na ndoa yao ikapata uzito mpya: wangeishi muda mwingi bila sheria kuwaruhusu kuoana.

Kwa upande wetu, wengine wanataka kinyume. Wanuri Kahiu, aliyeipa Kenya filamu fupi ya kisayansi Pumzi mwaka 2009, alitengeneza Rafiki kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ikapigwa marufuku Aprili 2018. Mahakama Kuu ikaifungua kwa siku 7 tu mwezi Septemba. Kahiu amesimulia kwamba bodi ya filamu ilimtaka abadili mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Kama una ndoto ya kurekodi Nairobi, ongea na mwanasheria kabla ya kuongea na mpiga picha.

Nirudi kwenye kipindi chako cha 4. Fundi na daktari wanapatana baada ya ugomvi, wanakumbatiana, tahadhari inalia, fundi anakimbia, mlango wa dharura unamfungia upande usio na hewa. Kukumbatia na kifo viko kwenye ukurasa mmoja. Halafu kipindi cha 5 nahodha anapandwa na hasira na kuigeuka kampuni iliyowatuma. Nimehesabu kwenye muhtasari: vipindi 2 vya mwisho daktari anatajwa mara 2, moja akiwa analia. Nikajiuliza swali la kwetu kabisa: kwenye msiba huu, nani anapewa pole? Chombo kizima kinampa pole nahodha. Mtu aliyefahamiana na fundi siku 40 ndiye mfiwa, na aliyemlisha tonge amesimama nyuma na trei.

Umewaua wote wawili, dada, mmoja kwa hewa na mwingine kwa kunyamazishwa.

Nahodha akihitaji hasira, ana mdogo wake kule kwenye sitaha ya mizigo, umemtaja ukurasa wa 6 na kumsahau. Afe huyo. Fundi abaki hadi kipindi cha 6, na ikiwa lazima afe, afe akifanya kazi anayoijua kuliko sote, kwa uamuzi ambao daktari ameusikia, ameupinga, na hakuweza kuushinda. Kisha utupe kipindi kizima, au angalau nusu yake, tukae msibani na daktari. Mimi ningemwacha fundi hai, mkono mmoja umeungua, daktari akimgombeza, lakini mswada ni wako.

Kipindi cha 4 ukikiandika upya nitumie. Na yule mdogo wa nahodha umpe jina, hata kama ana kurasa 6 tu za kuishi.